Jina la Kumi na Tisa

Kama umeishi Dar es Salaam na umewahi kumiliki redio, sauti ya Sekela unaijua, hata kama jina umelisahau. Ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo saa saba na robo mchana, taarifa ya habari ikishakwisha, katika redio moja ya Mikocheni. Alisoma bila haraka na bila kutetemeka, kila jina akilitamka kama mwenyewe angelitamka, liwe la Kihaya, la Kimakonde au la Kiarabu. Watu walikuwa wakisema ukifa, omba usomwe na Sekela. Utani wa mji huu haukomi hata mlangoni pa makaburi.

Jumapili asubuhi alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Aliiita "Barua ya Jumapili". Ilikuwa dakika tano za maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa mkono kwenye kaunta buku, juu ya watu wa kawaida: muuza mkaa wa Tandika, mkunga aliyestaafu, mzee aliyemzika mkewe kisha akaendelea kupika chakula cha watu wawili. Kaunta buku hizo zimefika thelathini na moja, na zimepangwa kabatini kwake Madale. Kuandika alijua, hilo tusimnyime. Kitu ambacho hakujua ni mahali pa kuishia, na waandishi wengi ndivyo walivyo. Akiona kidonda kizuri hawezi kupita bila kukifunua.

Kidonda alichokifunua vibaya kilikuwa cha mdogo wake.

Brightson alikuwa kitinda mimba wa mama yao, bibi Tupokigwe wa Tukuyu. Mama alimtuma mjini akae na Sekela, wakati huo akiishi Temeke, asome ualimu. Mwaka wa mwisho akafukuzwa chuo kwa ulevi. Akarudi kwa dada yake, akawa anashinda ndani, anafua mashati yake na kuyapiga pasi kana kwamba kesho anakwenda kufundisha. Sekela alimtazama wiki tatu, halafu akaandika. Hakutaja jina. Alisema tu "kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayepiga pasi shati la kazi asiyokuwa nayo". Lakini mtaani kwao ni nani asiyejua lile shati? Jumatatu yake vijana wa kijiweni walimsimamisha Brightson wakamwomba awafundishe hesabu.

Aliingia ndani, akasimama mlangoni pa jiko.

"Dada, yaani mie ndo umenitoa redioni?"

"Sikukutaja jina."

"Ungenitaja ingekuwa nafuu. Wangejua aliyekosea ni wewe."

Kesho yake hakuwepo. Simu yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Barua ile ilipata tuzo, na cheti chake kiko ukutani hadi leo, kwa sababu Sekela anaogopa kukitoa na anaogopa kukitazama.

Miaka minne ikapita. Sasa nieleze jambo la kazi yao, maana bila hilo mtamhukumu Sekela kwa kosa lisilo lake mkaliacha lililo lake.

Tangazo la kifo lina mtindo wake. Linasema nani anasikitika, nani amefariki, mazishi ni lini na wapi, kisha linafika pale kwenye kiini: habari ziwafikie fulani wa Mbozi, fulani wa Kyela, fulani wa Tanga. Mwisho wake ni "na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo". Watu waligombana mapokezi kwa ajili ya yale majina. Mjane mmoja alipigana viatu na wifi yake kwa sababu ya nafasi ya pili. Uongozi ukachoka, ukatoa amri: majina saba, basi. Aliyepewa kalamu ya kukata ni Sekela, na Sekela alikata bila kuangalia sura. Alikata hata mjomba wa bosi. Ofisini wakambatiza Dada Kalamu, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema.

Mama yake alifariki usiku wa kuamkia Jumanne. Mjomba aliituma orodha kwa simu kutoka Tukuyu: majina kumi na tisa, yamepangwa kwa umri kama wazee wanavyopanga, mkubwa juu, mdogo chini. Khalil, mkuu wa vipindi, mtu mpole ambaye babu zake walikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, alimfuata mezani.

"Sista, nipe hiyo karatasi nisome mie. Wewe nenda kapumzike, yallah."

"Nimewasoma wa watu miaka yote, Khalil. Wa kwangu nimwachie nani?"

"Basi leo usikate. Hakuna atakayekusema."

Hapo ndipo kiburi kilipomshika. Alijua watamtazama. Alijua wale waliokatiwa shangazi zao wapo pale nje ya kioo, wanasubiri kuona Dada Kalamu atamfanyia nini mama yake mwenyewe. Akachukua kalamu, akahesabu saba kutoka juu, akapiga mstari, na chini ya mstari akafuta yote. Mikono ilikuwa imezoea. Jina la kumi na tisa lilikuwa Brightson. Aliliona. Hilo mwenyewe anakiri, aliliona, na akajiambia kwamba huyo ni mtoto wa nyumbani, atajihesabu kwenye ndugu, jamaa na marafiki. Je, hasira za kuachwa zilikuwemo kwenye kalamu ile? Mpaka leo hajui, na mimi sitamjibia.

Akasoma saa saba na robo, akarudia saa kumi na mbili jioni. Sauti haikutetemeka. Watu walimpongeza.

Alhamisi walimsubiri Brightson kaburini hadi saa tisa alasiri, mchungaji akitazama saa, mvua ya Tukuyu ikiwanyeshea. Hakuja. Sekela akarudi Dar na neno moja, akawa analirudia kwa kila aliyempa pole: "Redio inafika kote. Alisikia, akakataa. Moyo wake jiwe." Kwa miaka kumi alilala na neno hilo na likamtosha.

Lililomwamsha ni jambo dogo. Jirani mmoja wa Madale alifiwa na baba, na Sekela alikuwa jikoni msibani akimenya vitunguu na mama Apolonia, mwalimu mstaafu wa palepale. Mtu akauliza mbona upande wa Moshi hawajafika.

"Hawaji hao," mama Apolonia akasema, wala hakuinua macho. "Hawakusomwa. Sie tulikuwaga hivyo hivyo, kama hujasomwa hujaitwa. Mtu utajipelekaje kwenye msiba ambao wenyewe wamekaa wakakuacha?"

Sekela aliweka kisu chini. Wenzake walidhani ni vitunguu vinamliza.

Tangu siku ile hakuwa mtu. Alimtafuta Brightson kwa watu wa Rungwe waliopo mjini, kwa makanisa, kwa waliosoma naye chuo. Alibakiza miezi miwili astaafu. Basi akafanya alichokijua: akaandika. Kaunta buku ya thelathini na moja, ukurasa wa mwisho. Khalil aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hii ukiisoma hewani, sista, watu watakukumbuka kwa hii tu."

"Wanikumbuke."

Jumapili yake ya mwisho kazini alisoma hivi:

"Mwaka aliokufa mama yangu nilipewa majina kumi na tisa, nikasoma saba. Mwenye haki ya kwanza ya kuitwa nilimfuta kwa mkono wangu, kwa sababu aliandikwa chini, na nilitaka wenzangu waone kwamba sina upendeleo. Kisha nikawaambia watu kwamba yeye ndiye mwenye moyo wa jiwe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo msinipe pole. Brightson, mdogo wangu, mama amekufa. Habari zikufikie popote ulipo."

Safari hii sauti ilitetemeka.

Jumatano simu iliyopigwa redioni ikaunganishwa hadi kwake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka haraka.

"Shikamoo wifi. Mie naitwa Loveness, mke wa Brightson. Tuko Kinyerezi huku, mwaka wa nane sasa. Wifi, nilisikia nikiwa kwenye cherehani, nikashindwa hata kushona. Nikamwekea na yeye kwenye simu, walivyoirusha mtandaoni."

"Akasemaje?"

"Hajasema kitu. Ila wifi, si mtu mbaya. Pombe aliacha zamani, ana karakana ya mageti. Na mtoto wetu wa kwanza anaitwa Tupokigwe."

Sekela aliketi sakafuni. Miaka minane Kinyerezi! Angemwambia dereva yeyote wa bodaboda angefikishwa mchana mmoja. Na kuna Tupokigwe mwingine duniani, ana miguu, anakwenda shule. Alilia kwa furaha, naona aibu kusema, maana najua kilichofuata.

Jumamosi alikwenda. Alibeba kilo kumi za mchele wa Kyela, mkungu wa ndizi na doti ya kitenge ya Loveness. Barabara ya kupanda kwao inapita karibu na mitambo ya gesi, na mngurumo wake humfuata mtu hadi mlangoni. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba. Mwanaume mwenye mvi kidevuni aliinuka kutoka kwenye geti alilokuwa akilichomea, akavua miwani ya kazi, na Sekela akamwona mama yao mzima mzima katika ule uso.

"Ugonile," akamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Shikamoo," Brightson akajibu kwa Kiswahili. "Karibu ndani."

Loveness alimpokea mizigo. Simu yote alikuwa amemwita wifi, na sasa, mbele ya mumewe, akasema, "Karibu mama," akainamisha macho, akaenda uani. Walikaa wawili sebuleni. Sekela alikuwa amejiandalia maneno tangu Madale, yote yakamkimbia, yeye ambaye riziki yake ilikuwa maneno.

"Nilisikia," Brightson akaanza mwenyewe. "Usije ukadhani sikusikia. Nilikuwa Chunya, machimboni, kwa mama mmoja aliyekuwa anatupikia. Ulipotaja jina la mama nikawaambia watu wanyamaze. Nikachukua begi, nikaliweka magotini. Kutoka pale mpaka nyumbani haifiki siku nzima. Ukasoma saba."

"Ilikuwa kanuni, Brightson. Saba tu."

"Nikasema labda karatasi imemchanganya, ana msiba. Atarudia jioni. Nikakaa na begi mpaka jioni. Ukarudia vilevile, na sauti imetulia. Nikajua basi, wamekaa wameamua. Nikalifungua begi, nikatoa nguo."

Sekela aliteleza kutoka kwenye kochi, akapiga magoti kwenye zulia, mwanamke wa miaka sitini mbele ya mdogo wake ambaye yeye ndiye aliyemwogesha utotoni. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

"Inuka, dada. Nilishakusamehe kabla hujaja, sitaki kwenda na mzigo huo kanisani." Akamshika mkono akamwinua, taratibu, kama unavyomwinua mgeni aliyejikwaa. "Ila nikwambie ukweli. Nilipolia, nililia na watu wa Chunya. Nilipoacha pombe, walioniachisha ni watu wa hapa. Ile nafasi yako ilikaa wazi muda mrefu sana, dada. Siku moja nikaangalia, haipo tena. Sio kwamba nimemweka mtu."

Sekela akarudi kwenye kochi.

"Na jambo moja nakuomba. Usituandike. Hata kwa uzuri."

"Nimeshastaafu."

"Kuandika hakustaafiwi. Nakujua."

Akaahidi. Na ile ahadi, kwa mtu aliyeandika kila kilichowahi kumuuma, ilikuwa sawa na kuambiwa aumie bila dawa. Kaunta buku ya thelathini na mbili haipo, na haitakuwepo.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mtoto wa kike wa miaka tisa aliingia na begi la tuisheni mgongoni, akamwamkia mgeni shikamoo, akasikia namna alivyoitikiwa, akaduwaa.

"Baba! Huyu si ndiye yule wa redioni?"

"Ndiye," Brightson akasema.

Sekela alimtazama mdogo wake. Alijisogeza ukingoni mwa kochi, mikono imeshikana, akisubiri Brightson aendelee. Lilikuwa limebaki neno moja tu, shangazi, neno ambalo halikatazwi na kanuni yoyote. Nje mitambo ilikuwa inanguruma. Brightson alichukua miwani yake ya kazi mezani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa kichwani.

"Tupo mwanangu, mletee mama soda," akasema, akatoka kwenda kumalizia geti la watu.

Mtoto alirudi na chupa na glasi juu ya sinia. Alipiga goti moja, kama alivyofundishwa vizuri na wazazi wake, akamnyooshea.

"Karibu, mgeni."

Sekela akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante.