Mama wa Miwa Kule Hjulsta

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo uongo mrefu siuwezi. Uongo mrefu unataka mtu aliyesoma. Haya nitakayowaambia niliyaona kwa macho haya mawili, saa tisa alasiri, na sikuwa nimekunywa hata maji, maana ilikuwa siku ya kufunga. Asiyeniamini asikilize hivyo hivyo, hatapungukiwa kitu.

Tunakaa Hjulsta, huku ughaibuni kwenye baridi, mimi na mke wangu, Mama Espe. Espe ni binti yetu, muuguzi kule Flemingsberg. Yeye ndiye aliyetuletea mbwa. Kijibwa chenyewe ukikiweka kwenye sufuria ya ugali kinaenea na mkia wake. Kilitoka Rumania, walikiokota kimefungwa waya nyuma ya gereji. Nikamuuliza Espe, mbwa naye anakuwa mkimbizi? Akacheka: "Ndiyo, papa, na yeye karatasi zake zilitoka haraka kuliko zako." Akamwita Bijou. Halafu zamu za hospitali zikamzidi, Bijou akabaki kwetu.

Kwetu Uvira mbwa analala nje na anajua kazi yake. Huyu analala kwenye kochi na anavaa koti la pinki. Kila nikipita naye stesheni, kuna Mtanzania mmoja, jirani yetu, lazima apaze sauti: "Shikamoo mzee! Na bibi mdogo hajambo leo?" Watu wanacheka. Siku za kwanza nilikuwa nanuna. Siku hizi namjibu kwamba bibi mdogo hajambo, tena hanisumbui kama wako mkubwa.

Sasa, Bijou ana kisukari. Msicheke, ni kisukari kile kile cha watu. Asubuhi anakula kwanza, halafu namchoma sindano ya insulini kwenye ngozi ya shingo, na jioni vile vile, maisha yake yote. Espe alinifundisha kwa kuchoma chungwa. Nilichoma machungwa mpaka Mama Espe akauliza kama yamelazwa. Neno la Espe lilikuwa moja: "Papa, akila, choma. Asipokula, usichome, nipigie." Sindano ikikuta tumbo tupu, sukari inaanguka, na mbwa anaanguka nayo, anaweza kufa. Ndiyo maana sitoki bila kichupa cha asali mfukoni.

Siku hiyo, basi. Kanisani kwetu tulikuwa na maombi, na Mama Espe ndiye kiongozi wa kina mama. Tulifunga mpaka jioni. Mke wangu ananijua, anajua siku za kufunga huwa nakula peremende kwa siri kwenye treni, kwa hiyo alfajiri anapekua mifuko ya koti langu na kutoa kila kitamu. Akatoa peremende. Akatoa na kichupa cha asali.

Hilo la kwanza. La pili nililijua baadaye. Nilimwekea Bijou chakula chake, nikaingia kuoga. Nilipotoka sahani ilikuwa tupu, safi. Nikasema vizuri, amekula, nikamchoma. Kumbe Mama Espe alikuwa ameondoa kile chakula akakiweka kwenye friji. Moyoni mwake nyumba ikifunga inafunga yote, na mnyama pia. Je, alimchukia mbwa? Hapana! Alitaka na Bijou apate baraka, apone ile sukari. Kwa upendo kabisa karibu amuue.

Alasiri nikamtoa. Nyinyi mnaojua Desemba ya huku mnajua, saa tisa taa za njiani zimeshawaka, na theluji ilikuwa inaanguka. Tulipofika nyuma ya majengo, karibu na nyumba ya kufulia nguo, Bijou akaanza kupepesuka kama mlevi. Miguu ya nyuma ikakataa. Akalala, akatetemeka mwili mzima, macho yako wazi lakini hanioni. Natia mkono mfukoni, asali hakuna. Mfuko wa pili, hakuna. Nampigia Espe, yuko kazini, hapokei. Nikamtia ndani ya koti langu, nikaanza kupiga kelele, njia yote hakuna mtu.

Hapo nikasikia harufu. Ninaijua, nimezaliwa nayo. Harufu ya shamba la miwa.

Nikageuka. Niaminini, alikuwa amesimama pale mama mmoja na mzigo wa miwa kichwani. Kitenge, kandambili, hana koti wala soksi. Matope mabichi yamemshika mpaka kwenye vifundo. Huku mwezi huo ardhi ni jiwe, matope ya namna hiyo unayapata wapi? Akaniangalia kama mtu niliyemchelewesha.

"Papa, eko na njaa huyu. Hamukumupa chakula?"

Kiswahili cha kwetu kabisa. Nikasema amekula, mama, nilimwekea mwenyewe.

"Kuweka si kula. Nitue."

Nikamsaidia kutua mzigo. Akavunja muwa kwa goti, akaumenya kwa meno, akatafuna, akakamulia maji yake kwenye kiganja. Akampaka Bijou kwenye fizi, taratibu, tena na tena, kama anayelisha mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nauliza tu. Mama umetoka wapi? Umekuja na treni gani? Hii miwa imepitaje uwanja wa ndege?

"Papa una maswali," akasema. "Shika kichwa chake."

Bijou akatoa ulimi. Akalamba. Akalamba tena, na macho yakarudi, yakaniona. Nililia, sifichi.

Kipande kilibaki juu ya theluji. Njaa ya kufunga, na miaka yote hii sijaona muwa wa nyumbani! Nikakiokota. Yule mama akasema, "Huo ni wa mugonjwa." Nilisikia vizuri, lakini tayari nilikuwa nimeuma. Jamani, utamu ule! Hakunigombeza. Aliniangalia tu kwa huruma, akasema, "Nitwike."

Nikanyanyua mzigo kumtwika, na mpaka leo mikono yangu inashangaa: miwa ile ilikuwa ya moto, kama imetoka juani sasa hivi. Akaenda zake. Najua mtaniuliza nyayo. Zilikuwepo! Kandambili, wazi kabisa kwenye theluji, zikaenda mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya kufulia. Hazikugeuka.

Nikakimbia na Bijou kumgongea yule Mtanzania, akatupeleka na gari lake hospitali ya wanyama, na siku hiyo hakutania. Daktari akapima sukari, akauliza nimempa nini. Nikasema muwa. Akauliza muwa nimeupata duka gani Hjulsta. Akachukua kikoleo, akatoa kapi moja la muwa kwenye ndevu za Bijou, akalinusa. Akasema tu kwamba ningechelewa kidogo mbwa asingekuwepo.

Nyumbani Mama Espe aliposikia, alikaa sakafuni akampakata Bijou. "Papa Espe, nilifikiri namsaidia." Tangu hapo yeye ndiye anayemlisha, na haondoki mpaka sahani ilambwe mbele yake. Hata siku za kufunga.

Bijou anaendelea, na sindano zinaendelea. Mimi ndiye niliyebadilika. Tangu ile alasiri sionji utamu. Chai naitia vijiko vitano, ni maji ya moto. Asali, embe, peremende, ni kama natafuna karatasi. Espe alinipima kila kitu, akasema, "Papa, frisk," yaani mzima kwa lugha ya huku.

Basi wewe unayetunza mgonjwa, wa miguu miwili au minne, usiamini sahani tupu. Mwone akimeza, ndiyo uchome. Na ukikutana na yule mama popote, mshikie mgonjwa kichwa, mtwike mzigo wake, mwambie asante, maana mimi kwa maswali yangu asante nilisahau. Kile kipande usikiguse. Nakwambia usikiguse, mimi ambaye kingekuwa mbele yangu sasa hivi, ningekiuma tena.