Upande wa Pili wa Meza

Gunia lililolowa likinukia, kimawazo narudi Ruiru, kwenye shamba la kahawa alikofanya kazi mama.

Joto lilikuwa limetukalia siku nne bila upepo. Saa nane mchana mbingu ikawa nyeusi, nyapara akapiga kengele kahawa ifunikwe. Kila meza ya kuanikia ilikuwa na wanawake wawili, mmoja kila upande, wakivuta magunia yaliyoshonwa pamoja. Mama alikuwa peke yake; mimi nilikuwa bado mdogo, nimesimama kando. Mwenzake tulikuwa tumemzika Jumamosi.

Akashika pembe za magunia upande wake, akatazama upande wa pili kwa mazoea. Magunia yakainuka kule, yakanyooka, yakashuka taratibu juu ya kahawa. Upepo ulikuwa haujaanza. Hakuna jani lililotikisika.

“Asante, dada,” mama akasema. Kisha akanigeukia, uso umembadilika. “Umeona nani?”

“Sijaona mtu.”

“Basi hilo neno libaki hapa.”

Mvua ikashuka.

Siku hizi naanika mahindi yangu huku Ngoingwa, peke yangu. Mawingu yakikusanyika, nashika gunia upande mmoja, halafu nangoja kidogo.