Mtunza Bustani Asiyeonekana

Miaka kumi na tisa mume wangu, Jabez Pudney, alifanya kazi kwenye bustani ya msituni ya Wychcote, na Bibi Mkubwa, mwenye jumba na shamba lote, hakuwahi kumtia machoni. Si utani. Ndiyo sheria ya huku: Bibi akitoka kutembea, mtunza bustani ajifiche. Eti akimwona mtu ameshika reki, uzuri wa msitu unaharibika. Uzuri gani huo, jamani, usioweza kuvumilia kofia ya Jabez?

Basi akawa bingwa wa kujificha. Akisikia tu mbwa wa Bibi, yuko nyuma ya mwaloni, au kwenye pango la mawe, au kifudifudi katikati ya maua ya buluu aliyoyapanda mwenyewe, maelfu kwa maelfu. Hata nyumbani nikikohoa ghafla, huyo nyuma ya mlango.

Pasaka ilipopita, mkuu wa bustani akafariki. Nyumba yake ya sakafu kavu ikabaki tupu, na mimi kwangu mvua ikinyesha nalala na sufuria kitandani. Msimamizi wa shamba akasema Bibi atachagua wa kushika kazi hiyo pamoja na nyumba: ama Jabez, ama bwana mmoja wa shamba la jirani, mwenye masharubu na barua za sifa. Jumanne saa nne atapita bustanini amwone Jabez.

"Usinitie aibu," nikamwambia nikimfunga tai. "Simama tu. Hata gogo linaweza."

"Nitasimama, Keziah. Kwani mimi mtoto?"

Nikamfuata na mkate na jibini, kisingizio tu. Saa nne mbwa akabweka. Lahaula! Jabez akatumbukia kichakani na tai yake. Bibi na msimamizi wakafika, wakakuta njia tupu.

"Yuko wapi huyo Pudney?" Bibi akauliza.

Msimamizi akaiva uso. "Alikuwa hapa sasa hivi, Bibi."

"Basi mwite yule mwingine."

Damu ikanichemka. Sheria inanihusu hata mimi, lakini nikajitokeza hadharani na aproni yangu, nikaingiza mkono kichakani, nikakamata mguu.

"Toka, mwanamume wewe! Miaka kumi na tisa imetosha!"

Nikavuta. Akatoka kinyumenyume, majani kichwani, kofia mkononi, macho chini kama mwizi wa kuku. Bibi akamtazama yeye, kisha akatazama bonde zima lililojaa maua.

"Haya yote ni yako?"

"Ni yako, Bibi," Jabez akanong'ona. "Mimi napanda tu."

"Kila mwaka maua yakichanua namshukuru Mungu kwa msitu huu," Bibi akasema. "Hakuna aliyeniambia kwamba ana msaidizi."

Ijumaa tulihamia nyumba ya sakafu kavu. Jabez alilia njia nzima akisukuma toroli la vyombo, nami nikamfuata na sufuria yangu mkononi, ambayo haitalala tena kitandani.