Kaktasi ya Kwenye Benchi la Kinyozi

Kinyozi asiyeongea hana wateja, ana wagonjwa wa kusubiri tu. Ndivyo kaka yangu alivyokuwa baada ya kufiwa na mkewe. Mtu anakaa kwenye kiti, anavishwa kitambaa shingoni, anaambiwa "inua kichwa", "geuka huku", "tayari". Basi. Mimi nasuka nywele chumba cha pili, ukuta ni wa mbao, kila kitu nasikia. Siku nzima nasikia mashine ikinguruma na mwenyewe kimya.

Wifi yangu, Mungu amrehemu, alipenda mimea ya ndani, ile ya majani manene na ya miiba. Dirishani kwake alipanga makopo ya rangi na vikombe vilivyovunjika mikono, kila kimoja na mmea wake. Lakini kipenzi chake kilikuwa kaktasi moja, ndefu kama mkono wangu, aliyoichukua ikiwa kipande cha ukubwa wa kidole na kuilea tangu wakiwa wachumba. Kabla ya kumwagilia alichomeka njiti ya kibiriti kwenye udongo. Ikitoka na udongo umegandia, maji bado yapo, basi aliuacha mmea ukae na kiu yake.

Alipofariki, ile mingine tuligawana. Kaktasi kaka hakumpa mtu. Akaihamishia dukani, akaiweka kwenye kona ya benchi la wateja, pale penye jua la dirisha. Asubuhi akifungua duka, kabla hata ya kuwasha taa, anaisogelea anaitazama. Nilijua anaongea nayo. Afadhali, nilisema moyoni, angalau kuna mmoja anayeongea naye.

Basi siku moja nimekwenda kuazima kwake kioo cha mkono, nikasikia harufu ya kitu kilichovunda. Nikaibonyeza ile kaktasi chini kabisa, kidole kikazama kama kwenye parachichi lililoiva mno. Nikachukua njiti nikaichomeka kwenye udongo. Tope.

"Kaka," nikasema, "nani anaumwagilia huu mmea?"

Akazima mashine. "Hakuna. Mimi mwenyewe simwagilii mpaka ukauke."

Benchini alikuwepo mzee mmoja, mlinzi mstaafu, anashinda pale hata kama kichwa hakina unywele. Tunamwita Salio, kwa sababu hajawahi kumaliza maji ya chupa, lazima abakishe.

"Mimi huwa namwachia kidogo," Salio akasema kwa sauti ndogo. "Naona maskini yuko juani."

"Hata mimi," akasema wa pembeni yake.

Hata aliyekuwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni, akainua mkono. Kumbe benchi zima. Kila mmoja akisubiri zamu anakunywa, anabakisha, anamwonea huruma, anamimina. Waliosema wema hauozi hawakuwajua hawa.

Nilitaka kuwatukana, na mimi nikitukana natukana. Lakini nilimwona kaka ameketi chini, mgongo ukutani.

"Basi na yeye ameondoka," akasema.

"Hajaondoka. Ameoza chini, juu mzima. Kata."

"Siwezi kumkata."

"Unapitisha wembe kwenye koo za watu kutwa nzima, leo unashindwa na mti? Usipoziba ufa utajenga ukuta, kaka. Uozo unapanda. Ukilala nao, kesho huna kitu."

Alinitazama kwa hasira. Nikafurahi, maana hata hasira sikuwa nimeiona muda mrefu. Akainuka, akafungua wembe mpya, akaupangusa kwa spiriti, akamfunga yule mmea taulo ili miiba isimchome. Akakata. Ndani kahawia. Akapangusa wembe, akakata juu kidogo. Bado kahawia. Kila akikata, ile duara ya uozo inapungua na mmea nao unapungua. Kilipobaki kipande cha urefu wa kiganja, akausimamisha wembe. Nikamshika bega. Akakata mara nyingine, na ndani kukatoka kweupe, safi, bila doa.

Kile kipande akakilaza juu ya gazeti, kwenye rafu ya poda na vitana. Bila udongo, bila maji, kidonda kikauke kwanza. Kilipokauka akakipanda kwenye mchanga mkavu wenye kokoto. Salio akajipa kazi bila kuajiriwa. Mtu akifungua chupa tu, mzee anamwambia, "Bwana, maji yako kanywee huko."

Na wateja wakawa kila wakiingia wanauliza, "Vipi mgonjwa?" Sasa mtu ukiulizwa hali ya mgonjwa utanyamaza? Kaka akaanza kujibu. Akaeleza habari ya njiti. Siku nyingine akaeleza jinsi wifi alivyokuja kwenye miadi yao ya kwanza ameshika kikombe chenye udongo na mche badala ya mkoba. Watu wakacheka, naye akacheka. Nilikuwa nimeshika nywele za mteja, machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Juzi akanigongea ukuta. Nikaenda na mikono yangu ya mafuta.

"Vuta," akasema. "Taratibu."

Nikakishika kile kipande kwa kitambaa, nikavuta. Hakikuja. Kimeshika mchanga, kina mizizi.

"Wifi yako huyo," akasema kaka. "Akikaa pahali, kumwondoa kazi."

Kisha akachukua chupa, akampa Salio. "Leo mwagilia wewe."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akasita. "Nikikosea tena, je?"

"Tutakata tena," akasema kaka, akamwinua mteja wake kidevu, akaendelea kunyoa.