Damu ya baba iliyoondoka Getanuwas

Wakuu, habari za leo. Haya nimeyaona kwa macho yangu, atakayebisha abishe.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watafiti wakaja kwetu Getanuwas, Hanang, kuomba damu za wafugaji. Walisema wanatafuta chanzo cha homa iliyokuwa inatusumbua kila kiangazi.

Watu wakakimbia. Mumiani hao! Wengine wakasema damu inaenda kuuzwa. Jirani yetu alijifungia ndani ya boma mchana kweupe, na mbwa wake.

Baba yangu, Mbarbaig haswa, akakunja shuka akatoa mkono. Kwetu ng'ombe anatolewa damu kwa mshale, tunakunywa na maziwa, na ng'ombe anabaki mzima. Sasa sindano ndogo vile aiogope ya nini?

Ila alitoa sharti.

"Mimi nikimtoa ng'ombe damu, kesho yake narudi kumwangalia," alimwambia dada wa utafiti aliyemchoma sindano. "Na wewe urudi, uniambie umeona nini."

"Tutarudi, baba," dada akajibu.

Kiangazi kikakaza. Kaka zangu wakahamisha ng'ombe kufuata majani. Baba, ambaye kila mwaka ndiye aliyekuwa anatangulia, akagoma kuhama.

"Wakija watanikuta wapi?"

Akabaki na mama, mimi na mbuzi wachache. Pikipiki ikilia kwa mbali, anasimama akidhani ni wao. Jamani, mtu aliyependa ng'ombe vile! Jioni alikuwa anaangalia upande walikoenda ng'ombe wake.

Mvua ikarudi, ng'ombe wakarudi. Yule dada hakurudi.

Baba alisubiri hivyo hivyo, mpaka homa ile ile ikamchukua.

Simchukii yule dada, pengine naye alikuwa mtu wa kutumwa tu. Hata mimi majuzi nimeombwa damu ya utafiti huku mjini, nikatoa. Nilichojifunza ni kwamba watu wetu hawana uchoyo wa damu, wanataka kurudiwa. Hata kama hamkuona kitu, njooni mseme hamkuona.

Baba hakuacha hata picha. Nimemmiss mno. Nikiwaza kwamba damu yake huenda bado iko kwenye friji mahali, natamani nikakae tu karibu na hilo friji.

Karibuni mchangie, na wa kubeza mbeze.

Ila kama humu kuna mkuu wa maabara, siku akikuta kichupa cha Getanuwas, naomba kabla hajakigusa aseme shikamoo. Ni mtu mzima huyo, na amewasubiri sana.