Kitabu Kilichotajwa na Kifungu

Mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu nilirudi likizo Kwedizinga nikiwa najua mambo mengi, na karibu yote hayakuwa na kazi pale. Kijiji cha ujamaa kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi. Thamani yangu ilikuwa moja tu: niliweza kusoma Kiingereza cha serikali.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba huyu wa pili naye hatapita njia ya kawaida. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika yakishakolea barabara ya kwenda Korogwe hugeuka uji. Tegemeo letu lilikuwa ndege ndogo ya madaktari, iliyotua mara moja kwa mwezi kwenye uwanja tuliousafisha wenyewe kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yetu.

Kisha ikaja barua ya serikali, kwa Kiingereza. Uwanja umefungwa mpaka uwekewe alama pembeni, kwa namna iliyoelezwa katika kitabu kilichotajwa na kifungu fulani cha sheria za usalama wa ndege. Kitabu chenyewe hakikuambatanishwa. Mwenyekiti wa kijiji alinikabidhi barua ile mbele ya mkutano. "Msomi," alisema, "hii ni yako." Watu wakapiga makofi. Naona aibu kukiri kwamba nilifurahi.

Nikadandia lori mpaka Korogwe. Karani wa ofisi ya serikali alitoa sheria kabatini, akaifuta vumbi kwa kiganja, akanionyesha benchi. Nikasoma kutwa. Kila nilipolifikia jambo lenyewe, alama za nini, za ukubwa gani, sheria iliniambia nikatazame kitabu. Nikamwomba kitabu.

"Ndugu, sheria ni ya wananchi, soma bure mpaka uchoke," alisema. "Kitabu si cha serikali. Ni cha wenyewe waliokiandika, huko nje. Kipo Dar es Salaam, nakala moja, na kunakili hairuhusiwi."

"Lakini sheria inatutaka tukifuate."

"Ndiyo. Mkifuate."

Hakuwa mtu mbaya. Alinisaidia kuandika barua ya kuomba, akaipiga mhuri kwa nguvu kana kwamba mhuri ungeisukuma ifike upesi. Nikangoja kwa shangazi, Kilole, palepale Korogwe, kila asubuhi posta, mpaka watu wa posta wakawa wananitikisia kichwa kabla sijasalimu. Jibu lilipokuja, lilisema kitabu kinaweza kusomwa palepale ofisini kwa kibali cha mkuu, na mkuu alikuwa safarini. Halikusema atarudi lini. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshafunika milima upande wa Vugiri.

Ningeweza kurudi nyumbani nikasema nimeshindwa. Badala yake nilikisia, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilisema alama zinazotakiwa ni mawe yaliyopakwa chokaa.

Hakuna aliyebisha. Ofisi ya chama ilikuwa na mawe meupe mlangoni, shule ilikuwa nayo, zahanati pia. Nani angewaza kwamba serikali ina mahali pake pasipo na mawe meupe? Mwenyekiti alitaka yawe makubwa, ndege isije ikasingizia haikuyaona. Tukayabeba kutoka korongoni, makubwa kama maboga, tukayapanga pande zote mbili. Dada alikuja na tumbo lake akapaka matatu, akasema anamtengenezea mwanawe njia.

Mfugaji mmoja aliyekuwa akipitisha ng'ombe alisimama akaegemea fimbo yake.

"Mnaijengea ndege zizi?" aliuliza. "Itavunjika mguu hapo, kama ndama."

Tukamcheka. Mwenyekiti akamwambia apeleke ng'ombe wake mbali na kazi ya taifa.

Uchungu ulimshika dada mapema, wiki ya pili ya mvua, asubuhi. Barabara ilikuwa imeshakatika. Mganga aliwaita madaktari kwa redio ya zahanati, akawaeleza kwamba alama tumeshaweka, nao wakakubali kuja kutazama. Ndege ikaja. Ilizunguka mara tatu, ikashuka mpaka nikaona mkono wa rubani nyuma ya kioo ukipunga kulia na kushoto, kisha ikapanda.

Redioni walisema kilichowazuia kutua ni mawe. Alama hutakiwa ziwe bapa, au za kitu chepesi kinachovunjika bawa au gurudumu likigonga. Kitabu kimeeleza. Wangejaribu tena baada ya saa mbili, tukiyaondoa.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Wazee walikuwa wakiyakumbatia mawe na kuanguka nayo kwenye tope. Yule mfugaji aliacha ng'ombe wake akaja na ndugu zake, wala hakutukumbusha alichosema. Tulipomaliza uwanja ulikuwa safi, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya miti. Tuliisikia ndege. Hatukuiona. Ikanguruma juu yetu kidogo, halafu hatukuisikia tena.

Tulimbeba dada kwa kitanda cha kamba, tukipokezana, mpaka tulipopata trekta la shamba la mkonge. Hospitali ya Korogwe walimwokoa yeye. Mtoto alikuwa ameshakufa. Tulimzika Kilole, kwenye makaburi ya watu tusiowajua.

Siku ya tatu dada aliweza kuongea.

"Mdogo wangu," aliniambia, "kwa nini hukusema hujui?"

Nikaanza kumweleza habari za kifungu, na kitabu, na nakala moja, na kibali cha mkuu aliyekuwa safarini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni kutoka makao makuu. Kisha akageukia ukutani.