Fensi Isiyoliwa na Mbuzi

Jumamosi, tarehe 13 Aprili 2019, Emmanuel Gikonyo alipanda fensi ya oleanda, kichaka cha maua, kuzunguka nyumba yake mtaani Kimumu. Picha aliyoituma siku hiyo kwenye kundi la WhatsApp la majirani bado ipo: ameinua jembe juu kama aliyetwaa kombe.

Mbuzi wa mtaa walikuwa wamemaliza mawaridi yake. Muuza miche akamwambia, "Mzee, hii hakuna mbuzi ataigusa," naye Gikonyo, muuza rangi na misumari, akafunga mjadala. Kwa miaka mingi aliwasimulia wateja jinsi alivyowashinda mbuzi kwa akili. Kwa nini mnyama anayetafuna hata katoni apite kando ya majani mabichi? Swali hilo, anakiri sasa, lilihitaji akili za mbuzi, naye hakuwa nazo.

Ng'ambo ya fensi anaishi Jeruto, mwalimu wa chekechea, na ng'ombe wake mmoja tu, mwenye mimba. Gikonyo humpelekea nyasi na maganda ya viazi. Jeruto humrudishia maziwa. Mwezi uliopita Gikonyo alipunguza fensi, akaacha majani yanyauke, akayachanganya na nyasi ili mzigo uonekane mkubwa, akaumwaga horini.

Jioni Jeruto akamwita Gikonyo kwa jina la bintiye. Ng'ombe alikuwa anadondosha mate na kuharisha.

"Baba Wanja, umempa nini?"

"Majani tu."

"Majani gani?"

Gikonyo akaelekeza kidevu kwenye fensi.

"Ile mbuzi hawali?"

"Hiyo."

"Ile umetuhubiria miaka yote hii kwamba mbuzi hawali?"

Gikonyo akatoa simu kumpigia daktari wa mifugo.

Daktari wa mifugo alisikiliza moyo wa ng'ombe kwa muda mrefu, ulikuwa unarukaruka. Alieleza kwamba oleanda ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Jani likiwa bichi ni chungu, mnyama hulikwepa. Likinyauka katikati ya nyasi, mnyama halitambui, na sumu haijapungua. Bahati yao ng'ombe alikuwa amekula kidogo.

Siku tatu baadaye ng'ombe alianza kucheua tena. Ndama bado yumo tumboni. Gikonyo alipofika mlangoni na mzigo mpya wa nyasi, Jeruto aliukagua shina kwa shina.

"Lete tu, Baba Wanja," akasema. "Lakini siku nyingine zipitie kwa mbuzi kwanza."

Jumamosi hii Gikonyo atavaa glavu, ataing'oa fensi yote, na kuizika katika shimo refu. Hataichoma, kwa sababu hata moshi wake una sumu.